Baadaye Ameamka

Kuna watu wavivu, halafu kuna Baadaye. Mvivu wa kawaida huikimbia kazi. Baadaye hakuwahi kuikimbia, maana kukimbia nako ni kazi. Yeye aliiambia tu "baadaye", kwa upole, kama mtu anayemwomba mgeni asubiri sebuleni, kisha akageukia upande wa pili wa kitanda. Paa likivuja, baadaye. Mlango wa choo ukining'inia kwa bawaba moja, baadaye, na wageni wakawa wanaushikilia kwa mkono mmoja huku wakiimba ili ijulikane wamo ndani. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Watoto wake pacha walipoanza shule, mwalimu aliwauliza baba yenu anaitwa nani, wakajibu kwa pamoja kwamba anaitwa Baadaye, mwalimu akaandika hivyo hivyo na mambo yakaendelea.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Jogoo akiwika, alimkuta ameshafagia uwanja. Siku ya kuolewa, shangazi yake alimwambia ndoa ni kuvumiliana, naye alivumilia mpaka uvumilivu wenyewe ukaomba likizo. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa chumba akisema, "Baba Pacha, amka. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako." Na kutoka chini ya blanketi sauti ikamjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Wakati mwingine alimwongezea na ile ya ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini Baadaye alikuwa na tumbo lisiloumia kitu.

Walikuwa na shamba moja lililokatwa katikati na mtaro. Upande wa juu ulilimwa na mke, wa chini ukalimwa na mume, kama neno kulima linaweza kutumika hapo. Hawakuwahi kukaa kikao cha kugawana; waligawanywa na saa ya kuamka. Tone la kwanza la mvua likigusa ardhi, Mama Pacha yuko shambani na mbegu zake, na Baadaye yuko kitandani na mgongo wake. Mgongo huo ulikuwa na maradhi ambayo hakuna daktari aliyewahi kuyaona, yalikuja msimu wa kupanda na kupona msimu wa kula. Mahindi ya mke yakifika kiunoni, ndipo mume anaanza kuuliza jembe liko wapi. Basi mahindi yake yalitoka mafupi, ya manjano, na magunzi yenye mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Nyumba ile ililishwa na upande wa juu, na kila mtu alijua.

Majirani walimtumia kama saa. "Baadaye ametoa jembe," waliambiana, na ambaye bado alikuwa na mbegu mkononi alijua kwamba amekwisha.

Halafu hali ya hewa ikaanza vituko vyake.

Zamani mvua ilikuwa na adabu. Ilijulikana inakuja lini, inakaa muda gani, inaondoka lini, kama mkwe mwenye heshima zake. Sasa ikawa inachungulia na kurudi. Inanyesha kidogo, watu wanapanda, inapotea. Mbegu zinachipua, zinaangalia huku na huku, hazioni mwenyeji, zinakufa. Watu wakishakata tamaa na kuanza kutafuta vibarua, ndipo inafika, nzito, bila hata kuomba radhi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Wangekuwa hai leo wangeitwa kikaoni kujieleza.

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Watu wa dini walisema ni dhambi, na Mama Pacha alilifikiria hilo kwa makini akaona haliingii akilini, kwa sababu dhambi za pale kwao zilikuwa zile zile za enzi za bibi yake, hazijaongezeka hata ubunifu. Shemeji yake, mdogo wa Baadaye, alishikilia kwamba ni mnara wa simu uliojengwa mlimani ndio unaosukuma mawingu, na aliyasema hayo akiwa amesimama juu ya kichuguu anatafuta mtandao. Jirani yao, Fundi wa cherehani, aliwalaumu wachoma mkaa waliomaliza miti yote, huku pasi yake ya mkaa ikifuka moshi pembeni. Kisha akaja Bwana Shamba na pikipiki yake, akawakusanya kwenye darasa la shule wakakaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu, akawaeleza kuwa dunia nzima inazidi joto kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari ya mbali huko, na kwamba kitu hicho kinaitwa mabadiliko ya tabianchi. Walimsikiliza vizuri. Fundi akauliza hao wenye viwanda wao wanapanda lini, ili nasi tufuate tarehe yao.

Bwana Shamba hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na shamba lake, alipanda kwa kufuata utabiri wa kwenye simu, akaungua kama wengine. Siku ile alimaliza mkutano akakaa kwenye kiti cha mtoto na yeye, wakalalamika wote.

Na katikati ya kuungua kote huko, Baadaye akavuna.

Mwaka wa kwanza watu walicheka. Wakasema Mungu hamtupi mja wake, hata akiwa amelala. Mahindi yaliyopandwa mapema yalikauka yote, na yale ya upande wa chini wa mtaro, yaliyopandwa watu walipokwisha kunyanyua mikono, yakakutana na mvua yakanenepa. Mwaka wa pili ikawa vile vile, na safari hii hakuna aliyecheka. Mvua ilikuwa imechoka kuja kwa wakati ikaamua kuishi kama Baadaye.

Mama Pacha alikula mahindi ya mumewe kwa mara ya kwanza katika ndoa yake, na yalimkwama. Maisha yake yote aliamini kwamba anayeamka mapema ndiye anayekula, na sasa alikuwa anakula kwa jasho la mtu ambaye hakutoa jasho. Iliuma. Lakini alikuwa mwanamke wa haki, na haki haichagui. Jioni moja mezani aliweka kijiko chini akasema, "Umefanya vizuri, Baba Pacha."

Baadaye aliacha kutafuna. Alimtazama mkewe, akatazama sahani, akamtazama tena. Hakuwahi kuambiwa maneno hayo ndani ya nyumba ile. Alimaliza chakula polepole mno, na akapeleka sahani jikoni mwenyewe. Mama Pacha angepaswa kushtuka pale pale.

Sifa ni pombe. Walianza kumwamkia Baadaye kwa heshima. Kwenye mikutano alipewa kiti cha mbele, chenye mgongo. Shemeji, ambaye kwa miaka alikuwa akimkana kaka yake hadharani, alianza kujitambulisha kama mdogo wake Baadaye. Watu walikuja kumwuliza siri yake, naye alikuna kidevu akasema, "Mambo haya hayataki papara," na wakaondoka wakitikisa vichwa. Msimu ulipokaribia wakakubaliana, kila nyumba, kwamba hakuna atakayetia mbegu ardhini mpaka Baadaye atie. Yalikuwa makubaliano mazito, kwa sababu baada ya misimu miwili ya kuungua, kila nyumba ilikuwa imebakiwa na mbegu za kupanda mara moja tu. Zikiungua hizo, basi.

Kwa Mama Pacha ilikuwa debe moja. Lilikaa juu ya uchaga wa jikoni, pale moshi unapopita, mbegu zimechanganywa na majivu ili fukusi wasizisogelee. Alilipangusa vumbi kila siku, ingawa halikuwa na vumbi. Mjini, walikokwenda kusoma, pacha walikuwa wanasubiri gunia litoke nyumbani. Hakukuwa na debe lingine mahali popote.

Asubuhi moja alizinduka, akanyoosha mkono upande wa pili wa kitanda aseme "amka" yake ya kila siku, mkono ukaangukia shuka tupu.

Alidhani mume amekufa. Ndilo jambo la kwanza lililomjia. Akatoka mbio hadi uwanjani, akamkuta amesimama katikati, amenawa, amechana nywele, mikono nyuma, anakagua mbingu kama mkaguzi wa shule.

"Mgongo vipi?" Mama Pacha aliuliza.

"Mgongo umepona."

"Umepona lini?"

"Mke wangu, watu wananitegemea," alisema Baadaye bila kuondoa macho mawinguni. "Siwezi kulala. Nadhani mwaka huu tupande mapema. Tuwashangaze."

Hofu ikamwingia Mama Pacha kuanzia nyayoni. Katika watu wote wa pale, ni yeye peke yake aliyekuwa akijua kwamba Baadaye hana siri yoyote. Hakujua mvua, hakujua upepo, hakujua mwezi. Alichelewa tu. Alikuwa amepatia kwa sababu alikuwa amelala, na sasa mtu mzima ameamka, na nyuma yake wako majirani wote na mbegu zao za mwisho. Mama Pacha alikuwa amemwomba Mungu kwa miaka mingi amwamshe mume wake. Mungu naye, na foleni aliyonayo, ndiyo kwanza amelifikia ombi.

Basi ikabidi amrudishe kitandani.

Alianza kwa upole. Alianika godoro juani likanuka vizuri, akatandika shuka ile ya wageni, akafungua dirisha kupate upepo. "Jinyooshe kidogo, Baba Pacha, umetoka mbali." Baadaye alimtazama kama aliyeletewa chai na mtu anayemdai. "Mama Pacha, unaumwa?" Akamwambia haumwi. Baadaye akaenda kunoa jembe.

Akajaribu chakula. Alimpikia mchana chakula cha kumlaza mtu, maharage mazito na viazi, akampakulia mlima. Zamani sahani ya namna hiyo ilimmaliza hadi kesho yake. Sasa alikula nusu akasema tumbo likijaa kichwa hakifikiri. Mama Pacha alisimama na mwiko mkononi akatamani kulia.

Mwisho akaiba jembe. Alilitoa lilipoegemezwa, akalifunika kwa shuka akawa anapita nyuma ya nyumba kulipeleka kulificha bandani kwa kuku, ndipo Fundi akamwona kutoka dirishani kwake.

"Jirani, umebeba maiti ya nani?"

"Jembe."

"La nani?"

"La Baadaye. Namfichia asifanye kazi."

Fundi alisimamisha cherehani. Alikuwa amesikia mengi kupitia dirisha lile, lakini hilo halikuwahi kupita. "Wewe," alisema, "wewe uliyekuwa ukimwamsha kwa maji?"

"Yale yalikuwa mambo ya zamani," alisema Mama Pacha. Akamweleza yote, kwamba mtu wao hajui kitu, kwamba kilichowalisha ni usingizi. Fundi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka. Akacheka mpaka akalalia kitambaa cha mteja, halafu akaacha ghafla, kwa sababu naye alikuwa na nusu gunia la mbegu chini ya kitanda na hakuwa na lingine.

"Waambie watu," alisema.

"Wataniamini mimi? Mimi niliyeungua misimu miwili mfululizo?"

Fundi alirudi kwenye cherehani yake, akashona mshono mmoja mara mbili.

Baadaye akaazima jembe kwa mdogo wake.

Ikanyesha. Ilikuwa mchana kweupe, watu wakiwa kwenye shughuli zao, na ilidondoka kwa fujo juu ya mabati kiasi kwamba watu walitoka nje kuipokea kwa viganja. Watoto walikimbia uchi. Harufu ya udongo uliolowa ikapanda, ile harufu inayomfanya mkulima awe mjinga. Hata Mama Pacha moyo ulimruka, miguu ikataka kwenda yenyewe. Kisha ikakatika, kama bomba lililofungwa na mtu.

Kulipokucha alikwenda shambani kabla ya mtu mwingine. Alipiga magoti upande wake wa juu akatia mkono ardhini. Vidole viliingia kwenye unyevu, na kabla kiganja hakijafika, vikagusa vumbi. Akahamia upande wa chini wa mtaro. Vile vile. Ardhi ilikuwa imenawa uso tu, haikuoga. Akakaa pale na mkono ndani ya shimo. Misimu miwili iliyopita alikuwa amehisi vumbi hili hili, akapanda, kwa sababu maisha yake yote mvua ya kwanza ilikuwa na ya pili nyuma yake. Safari hii hakujua. Huenda nyingine ilikuwa njiani, huenda haikuwepo. Ujuzi wote aliorithi kwa mama yake ulifika hapo ukakoma.

Aliporudi, getini tayari kulikuwa na watu. Kila mmoja na jembe lake, kila mmoja na kifuko chake cha mbegu, wanaongea kwa sauti za chini kama watu walio nje ya wodi. Shemeji alikuwa mbele. "Shemeji, mwambie kaka tuko tayari," alisema. Mama Pacha akapita, akazunguka, akaingia kwa mlango wa jikoni.

Alimkuta Baadaye juu ya kigoda, mikono miwili kwenye debe, analishusha kutoka kwenye uchaga. Alikuwa amevaa shati la sikukuu. Akalishusha taratibu, akaliweka chini, na kabla hajainuka vizuri Mama Pacha alikuwa amelikalia.

"Ondoka hapo, mke wangu."

"Siondoki."

"Watu wananisubiri."

"Wasubiri."

Baadaye alishuka kwenye kigoda. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikaa kwenye hicho kigoda, wakawa wanatazamana magoti kwa magoti, moshi wa jana bado ukinukia kwenye kuta.

"Watu wamenisubiri maisha yangu yote," alisema. "Wamenisubiri huku wakinitukana. Leo wananisubiri kwa heshima. Wewe hujui ilivyo, Mama Pacha, kwa sababu wewe tangu uzaliwe umeheshimiwa." "Na wewe uliniambia nimefanya vizuri. Nilitaka uniambie tena. Ndiyo maana niliamka. Hakuna siri nyingine."

Mama Pacha alitaka kulia, alitaka kucheka, na alitaka kumpiga na mwiko, yote kwa wakati mmoja. Miaka yote aliyomwamsha kwa kelele, kwa methali, kwa maji, na kumbe kulikuwa na maneno mawili tu yaliyohitajika, na aliyasema pale ambapo hayakutakiwa kabisa.

"Udongo umelowa juu tu," alisema. "Chini ni vumbi."

"Una uhakika haitanyesha tena?"

"Sina."

"Sasa?"

"Naogopa," alisema Mama Pacha. Hakuwa amewahi kumwambia hivyo, wala yeye mwenyewe hakuwahi kujisikia akilisema neno hilo kwa sauti. "Naogopa, Baba Pacha. Debe ni hili moja. Nenda kalale."

Nje mtu alikohoa. Baadaye alitazama shati lake la sikukuu, akalainisha kifua chake kwa kiganja. "Nitawaambia nini?" aliuliza.

"Wewe huwaambii kitu. Wewe kalale."

Akaenda. Alikwenda kama mtu anayepelekwa. Mama Pacha alisikia kitanda kikilia, akajifuta macho kwa ncha ya nguo, akatoka getini.

"Baba Pacha amesema bado."

Minong'ono ikapita. Mtu wa nyuma akauliza bado vipi na mvua hii imenyesha. Mwingine akasema majirani wa ng'ambo ya mto wameshaanza kupanda. Shemeji akasogea. "Shemeji, kwa heshima zote, aje atuambie mwenyewe. Yuko wapi?"

"Amelala."

Kuanzia mbele kwenda nyuma, watu wakashusha pumzi.

"Amelala?" Shemeji alirudia.

"Fofofo."

"Basi," alisema mzee mmoja, akaweka jembe begani. "Mngesema hivyo tangu mwanzo." Fundi, aliyekuwa pembeni na kifuko chake, alimtazama Mama Pacha kwa jicho moja, akauma mdomo asicheke. Shemeji peke yake hakuridhika, alizunguka nyumba akachungulia dirishani. Baadaye aliona kivuli kikija, akavuta blanketi hadi utosini, na ili kukamilisha, akakoroma. Shemeji alirudi ameridhika kabisa. Wakaondoka wote.

Kilichofuata hakikuwa raha. Jua lilitoka likabaki. Kila siku iliyopita bila mvua Mama Pacha alishukuru kwamba hawakupanda, na kila siku hiyo hiyo aliogopa kwamba mvua ile ndiyo ilikuwa yenyewe, imekuja, imewakosa, imeondoka. Ng'ambo ya mto mahindi yalichipua, yakawa ya kijani, na watu wakaanza kumtazama vibaya dukani. Halafu yakapinda. Halafu yakawa rangi ya magazeti ya zamani. Watu wakaacha kumtazama vibaya, lakini hakuna aliyefurahi, maana ng'ambo ya mto kulikuwa na dada zao na wakwe zao.

Baadaye alibaki kitandani kwa sababu ya heshima yake. Ilimtesa. Mtu aliyekwishaonja kuamka hawezi tena kulala kama zamani. Aligeuka huku, akageuka kule, na mgongo, baada ya kusingiziwa miaka yote, ukaanza kuuma kweli.

Mvua ilipokuja, ilikuja bila kelele, ikanyesha asubuhi, ikanyesha mchana, ikalala, ikaamka ikaendelea. Mama Pacha alikwenda shambani akatia mkono. Uliingia mpaka kwenye kiwiko na bado ulikuwa unagusa tope. Alirudi mbio, akafika mlangoni mwa chumba, akafungua mdomo kusema "amka." Baadaye alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa, jembe la mdogo wake katikati ya magoti.

"Sasa?" aliuliza.

"Sasa."

Walipanda upande wa juu na upande wa chini siku moja, yeye akichimba na mkewe akitupia mbegu. Majirani walipowaona walimwagika mashambani. Kulipofika jioni hakukuwa na mbegu hata moja iliyokuwa imebaki kifukoni.

Mahindi yalipofika magotini, Bwana Shamba alikuja na pikipiki yake akawakusanya tena kwenye darasa, vile vile kwenye viti vya watoto. Alisema sehemu nyingi zimeungua na hapa pamepona, na angependa mzee wetu asimame aeleze mbinu yake, ili awapelekee na wakulima wengine. Watu wakapiga makofi. Baadaye akasimama, ndani ya shati lile la sikukuu. Mama Pacha alikuwa nyuma karibu na mlango, akajitayarisha kusikia kwamba mambo haya hayataki papara.

"Mimi nilikuwa kitandani," alisema Baadaye, "lakini sikuwa nimelala. Ile siku ya kwanza nilitaka tupande. Nilikuwa nimeshashika debe. Mngepanda nyote, na sasa hivi tungekuwa tunalia." Akaelekeza mkono nyuma. "Yule pale alilikalia debe. Akanifukuza nikalale. Kukoroma nilikoroma mwenyewe, hiyo peke yake ndiyo mbinu yangu."

Viti vyote vidogo vikageuka kwa mlio mmoja. Shemeji alikuwa na uso wa mtu aliyechungulia dirisha bure.

"Mama," Bwana Shamba aliuliza kwa adabu, "ulijuaje?"

"Sikujua," alisema Mama Pacha. "Nilitia mkono nikagusa vumbi. Miaka iliyopita niligusa vumbi hilo hilo nikapanda. Safari hii niliogopa tu."

Watu walisubiri aongeze kitu. Shemeji akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Kwa hiyo msimu ujao," alisema, "tumfuate nani?"

Bwana Shamba alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Fundi akasema labda tutie mikono wote, na watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha, wakawa wanatazama viganja vyao.

Njiani kurudi nyumbani Baadaye alitembea mbele, polepole, akasimama kumngoja mkewe. Hakuwa tena na kiti cha mbele. Hilo alilijua kabla hajafungua mdomo pale darasani, na Mama Pacha alijua kwamba alilijua. Walitembea mpaka getini kabisa.

"Mama Pacha," alisema Baadaye. "Nimefanya vizuri?"

Alimtazama. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, tamu, lakini alishaona lilivyomfanya mara ya kwanza, na msimu ulikuwa bado haujaisha.

"Nitakuambia baadaye," alisema. "Katengeneze kwanza mlango wa choo."